UZI: Mshindi si lazima awe bingwa, na shujaa si lazima awe ameshinda

Mlinzi wa Msamiati (mwanzisha uzi)

Heshima kwenu wakuu.

Fainali yoyote ikiisha, soma taarifa zake kwa nusu saa tu. Mtu mmoja ataitwa mshindi kwenye kichwa cha habari, bingwa kwenye aya ya kwanza, shujaa kwenye ya pili, na kabla hujafika mwisho ameshakuwa mbabe, gwiji, nguli na jagina. Anayeandika anadhani anapamba. Mimi naumia, kwa sababu kila jina kati ya hayo lina masharti yake, na masharti hayo ndiyo utajiri wenyewe. Ukimpa mtu yote kwa mpigo, msomaji hajui tena umemsifia nini: matokeo, cheo, moyo, ujuzi au mabavu.

Nimekuwa nikiyafuatilia maneno haya kwa muda mrefu, michezoni na kwenye historia za vita, na naomba tuyajadili kwa utulivu. Uzi ni mrefu, vumilieni.

Tuanze na mshindi. Kitenzi kushinda, kabla hakijafika uwanjani, maana yake ni kuzidi. Ndiyo maana tunasema huyu ni mrefu kushinda yule. Ndiyo maana kazi humshinda mtu, deni likamshinda, mtoto akawashinda wazazi wake. Hapo hakuna refa wala kombe. Kuna kitu kimoja kilichozidi kingine. Kwa hiyo mshindi ni aliyezidi, na hakuna aliyezidi bila aliyezidiwa. Jina hili halikai peke yake. Ukimwita mtu mshindi, msikilizaji ana haki ya kukuuliza: wa nini, dhidi ya nani, lini? Ni jina la tukio. Huzaliwa kipenga cha mwisho kikilia, na pambano lijalo lazima litafutwe upya.

Tarehe 22 Novemba 2022, uwanja wa Lusail nchini Qatar, Saudi Arabia iliifunga Argentina 2–1 kwenye Kombe la Dunia. Mshindi siku hiyo alikuwa Saudi Arabia, na hilo halifutiki. Tarehe 18 Desemba, uwanja uleule, Argentina ikawa bingwa wa dunia. Tena tazameni ilivyokuwa bingwa: fainali na Ufaransa iliisha 3–3 baada ya muda wa nyongeza, ikaamuliwa kwa mikwaju ya penalti 4–2, na mechi ya namna hiyo kwenye takwimu huhesabiwa kuwa sare. Bingwa wa dunia alianza kwa kufungwa na akamaliza kwa sare iliyoamuliwa kwa matuta. Aliyemfunga hata hatua ya makundi hakuvuka. Mwenye kutumia "mshindi" na "bingwa" kana kwamba ni neno moja hawezi kuieleza michuano ile kwa sentensi moja iliyo sahihi.

Sasa kuna jambo ambalo lugha yetu imelifanya na hatulitazami vya kutosha: mshindi wa pili. Timu iliyofungwa fainali tunaiita mshindi! Kwenye michuano hiyohiyo Croatia iliifunga Morocco 2–1 katika mechi yake ya mwisho, ikawa mshindi wa tatu. Ufaransa ilipoteza mechi yake ya mwisho, ikawa mshindi wa pili. Wapo wanaoona huu ni upole wa kumfariji aliyelia. Mimi naona ni hesabu safi ya kuzidi. Zilianza timu 32. Ufaransa ilizidiwa na moja, ikazizidi 30. Kwa maana ya asili ya kitenzi, jina ni lake kwa haki, na halihitaji huruma ya mtu.

Na aliyeshindwa anaitwaje? Wengi watajibu "aliyeshindwa" na kuishia hapo. Kiswahili kina neno lake, ila tumeliacha kwenye makamusi: mshinde. Irabu ya mwisho ndiyo inayofanya kazi yote. Ikiwa -i, mtu ni mtendaji, kama mlinzi, mpishi, mshindi. Ikiwa -e, mtu au kitu kimetendewa: mtume ni aliyetumwa, mteule ni aliyeteuliwa, kiumbe ni kilichoumbwa. Mshinde ni aliyeshindwa, na hali yake ni ushinde. Ushindi na ushinde vimekaa jirani kiasi hicho.

Hapo ndipo ninapolipenda sana jina rais mteule. Mtu ametoka kwenye kampeni, amewabwaga wapinzani wake wote, ameibuka kidedea, na lugha inampa jina la mtendewa. Halimwambii amemshinda nani. Linamkumbusha kwamba ameteuliwa, na kwamba wapo waliomteua.

Nije kwenye bingwa. Msikilize vitenzi vinavyoandamana na ubingwa. Ubingwa hutwaliwa, hutetewa, na mtu huvuliwa. Hakuna anayetetea ushindi wa jana; ushindi wa jana ni wake milele. Bingwa mtetezi ndiye anayeingia ulingoni na kitu cha kupoteza. Mwaka 1967 Muhammad Ali alivuliwa ubingwa wa ngumi za uzito wa juu kwa sababu alikataa kujiunga na jeshi la Marekani wakati wa vita vya Vietnam. Ulingoni hakuna aliyekuwa amempiga. Kwa miaka kadhaa kulikuwa na mtu ambaye hakuwa bingwa na wala hakuwa mshinde wa yeyote, mpaka Joe Frazier alipomshinda kwa pointi Machi 1971. Ubingwa wake aliurudisha tarehe 30 Oktoba 1974 mjini Kinshasa, alipomwangusha George Foreman raundi ya 8. Ubingwa ni cheo, na cheo kina anayekitoa. Ushindi hautolewi na ofisi yoyote.

Tena bingwa ana upande mwingine ambao watu wa michezo wanausahau. Daktari bingwa wa moyo hajamshinda daktari mwenzake popote. Ameitwa bingwa kwa ujuzi uliokomaa. Maana hizo mbili zinaishi pamoja ndani ya neno moja, na nadhani ndiyo sababu linatupa uzito ambao "mshindi" halitupi: tukimwita mtu bingwa tunadai kwamba anajua, si kwamba alibahatika.

Shujaa ni habari nyingine kabisa. Neno lenyewe, tulilolipata kwa Waarabu, linataja moyo tu. Halina matokeo ndani yake. Mkwawa, mtawala wa Wahehe, aliwapiga Wajerumani huko Lugalo tarehe 17 Agosti 1891. Kamanda wao, Emil von Zelewski, aliuawa palepale. Siku hiyo Mkwawa alikuwa mshindi wa pigano. Vita hakuvishinda. Ngome yake ya Kalenga ilianguka mwaka 1894, naye mwaka 1898 akajiua kuliko kukamatwa. Fuvu la kichwa chake lilirudishwa mwaka 1954. Kama tungekuwa tunahesabu ushindi, jina lake lingeishia Lugalo. Tunamwita shujaa kwa miaka yote saba, pamoja na ile aliyokuwa akikimbizwa. Fumo Liyongo vilevile: masimulizi yanasema aliuawa na mwanawe mwenyewe kwa sindano ya shaba kitovuni. Hakuna anayemwita mshindi, na hakuna mtu wa pwani anayemvua ushujaa.

Vita ndivyo vinavyoharibu majina kuliko michezo. Mehmed wa Pili alipouteka mji wa Konstantinopoli tarehe 29 Mei 1453, Waturuki walimpa jina Fatih, yaani mwenye kufungua, mzizi uleule wa Kiarabu uliomo ndani ya Fatiha. Kwa waliokuwa ndani ya kuta hakuna kilichofunguliwa, mji ulitekwa. William wa Normandia aliitwaa Uingereza baada ya pigano la Hastings mwaka 1066 na wanahistoria wakampa jina la sifa kwa kazi hiyo, "the Conqueror" kwa Kiingereza. Ukiandika habari za watu kama hawa kwa Kiswahili, nakuomba usikimbilie "mshindi mkuu". Taja kitendo: aliuteka, aliivamia, aliitwaa. Msomaji ataamua mwenyewe kama amsifu. Na tazameni waliozirudisha nchi zetu tumewaitaje: wapigania uhuru. Hatukuwaita washinda uhuru. Jina limetajwa kwa kupigana kwao, kwa hiyo linamkaa hata aliyekufa kabla bendera haijapandishwa, na hata aliyepigana bila kupata kitu, kama watu wa Maji Maji kati ya mwaka 1905 na 1907.

Mbabe nalo nitalisema waziwazi: silipendi likitumika kama sifa ya bure. Mbabe ni mtu ambaye nguvu zake zinaogopwa. Ubabe ni tabia, na mara nyingi ni mbaya. Mtu hawezi "kujifanya mshindi" mbele ya wanyonge kwa namna anavyoweza kujifanya mbabe. "Mbabe wa vita" siku hizi linatumika kwa mwenye bunduki na kundi lake la wapiganaji, anayetoza watu kodi kwa nguvu, hata kama hajawahi kushinda vita vyovyote.

Gwiji, nguli, galacha: haya yanataka muda na ujuzi, basi, asipewe mtu aliyeng'ara msimu mmoja. Jagina ni shujaa aliyekomaa kwenye sifa. Kinara ni aliye mbele wakati mambo hayajaisha, kwa hiyo "kinara wa ligi" akichukua kombe aache kuitwa kinara, ni bingwa.

Nawasilisha. Karibuni kwa hoja.

Kifaru wa Ulingo

Mkuu, uzi umekwenda shule, lakini kwenye mbabe nakupinga kwa heshima zote. Sisi watu wa ngumi mbabe ni sifa halali. Bondia akisema "mimi ndiye mbabe wa uzito huu" hajatukana mtu na hajamwonea mtu. Mpinzani wake amesaini mkataba, amepimwa uzito, amepanda ulingoni kwa miguu yake, na kuna mwamuzi wa kusimamisha pambano. Ubabe wa ulingoni umewekewa kamba pande nne. Ukituondolea neno hili utatuachia "bingwa" peke yake, na bingwa, kama ulivyosema mwenyewe, ni cheo kinachotolewa na vyama. Vyama vya ngumi vya dunia viko vingi, kila kimoja na mkanda wake. Kwenye uzito mmoja unaweza kuwa na mabingwa wanne kwa wakati mmoja! Sasa yule ambaye mashabiki wote wanajua kwamba akikutana na hao wengine atawalaza, hata kama hana mkanda wowote, utamwitaje? Sisi tunamwita mbabe. Neno linafanya kazi ambayo bingwa halifanyi.

Pia tuwe wakweli, mtangazaji aliye hewani hana nafasi ya kuchagua. Goli limeingia, moyo unadunda, linatoka neno lililo karibu.

Mlinzi wa Msamiati

Kifaru, hoja ya mikanda minne ni nzito, nami naipokea kama nyongeza kwenye uzi. Ndani ya kamba mpinzani ameridhia, na hapo mbabe ni jina la mtu ambaye wenzake wa kiwango chake wanamhofia. Nje ya kamba hakuna aliyeridhia. Ninachokataa ni kulihamisha lilivyo: kiongozi aliyenyamazisha wapinzani kwa virungu kuitwa "mbabe wa siasa" kwa sauti ya kushangilia.

Kwa mtangazaji nakubali, sauti ya papo hapo ina ruhusa yake. Malalamiko yangu ni kwa anayeandika asubuhi yake, amekaa, na muda anao.

Nahodha Mstaafu

Nashukuru kwa mada hii, ndugu yangu. Umeeleza shujaa bila kumtaja John Stephen Akhwari, mkimbiaji wa Tanzania, na mimi siwezi kupita bila kumtaja. Mexico City, tarehe 20 Oktoba 1968, mbio za marathoni za Olimpiki. Alianguka njiani, akaumia goti, akaendelea. Aliingia uwanjani usiku umeshaingia, mguu umefungwa bandeji, zaidi ya saa moja baada ya mtu wa kwanza. Alikuwa wa mwisho kati ya 57 waliomaliza. Alipoulizwa kwa nini hakuacha, jibu lake ni kwamba nchi yake haikumtuma huko kuanza mbio, ilimtuma kuzimaliza. Dunia nzima inamjua. Waulize watu hapa nani alishinda mbio zile, wengi watakaa kimya. Hiyo inaonyesha shujaa ni mkubwa kuliko mshindi.

Mlinzi wa Msamiati

Nahodha, Akhwari ni shujaa na hilo halina mjadala. Ila sentensi yako ya mwisho naomba niisogeze kidogo. Aliyeshinda ni Mamo Wolde wa Ethiopia. Alikuwa na miaka 36. Siku chache kabla alikuwa amekimbia mita 10,000 kwenye Olimpiki hiyohiyo, akawa mshindi wa pili nyuma ya Naftali Temu wa Kenya. Miaka minne baadaye, Munich, akarudi tena na shaba ya marathoni. Mjini Mexico City watu walikimbia zaidi ya mita 2,200 juu ya usawa wa bahari, hewa nyepesi, wengi wakaacha njiani. Kumsahau mtu kama huyo hakumkuzi Akhwari hata chembe. Shujaa na mshindi hawapimwi kwa mizani moja, kwa hiyo hakuna aliye mkubwa. Mmoja tunamshukuru kwa moyo wake, mwingine kwa kuwazidi wote siku ile. Sipendi tabia ya kumwinua aliyeshindwa kwa kumpuuza aliyeshinda; nayo ni dhuluma.

Bint Malenga

Kaka Mlinzi, hongera kwa uchambuzi. Nina swali ambalo linaniuma tangu nianze kufuatilia riadha. Mshindi, bingwa, shujaa, gwiji, yote hayana jinsia, na hilo ni jambo zuri mno la lugha yetu. Lakini sikiliza sifa zinazoongezwa mtu akishinda sana. Mwanamume ni fahali, ni dume, ni jogoo, ni mwamba. Mwanamke akishinda kwa kiwango hichohicho anaitwa jikedume. Yaani ili asifiwe kwanza ageuzwe mwanamume. Faith Kipyegon ana dhahabu tatu za Olimpiki za mita 1500: Rio 2016, Tokyo, na Paris 2024. Nimesoma mtu akimwita hivyo kwa nia ya kumsifu, nikaifunga simu.

Na vitani ni vilevile. Mekatilili wa Menza aliwaongoza Wagiriama kuupinga utawala wa Waingereza mwaka 1913, akakamatwa akapelekwa mbali na kwao. Taytu, malkia wa Ethiopia, alikuwapo kwenye pigano la Adwa tarehe 1 Machi 1896 pamoja na mumewe, mfalme Menelik, na ana sehemu yake katika kushindwa kwa Waitaliano. Wote wawili utasikia wakisemwa "walipigana kama wanaume".

Je, tutafute maneno ya kike?

Mlinzi wa Msamiati

Dada Bint, hapana, tusitafute. Tunayo tayari, na umeyataja: bingwa, shujaa, gwiji. Tukiunda "bingwa wa kike" kuwa jina la kudumu tutakuwa tumekubali kwamba bingwa mtupu ni mwanamume. Kwenye orodha ya matokeo sawa, kwa sababu mbio za wanawake na wanaume ziko tofauti. Kwenye sifa, Kipyegon ni bingwa, nukta. Hata "malkia wa mita 1500" mimi naliona dogo. Umalkia mtu hurithi au huolewa nao, na zile dhahabu tatu hakuna aliyemrithisha.

"Fahali" nalo tulisome kwa makini. Methali inasema fahali wawili hawakai zizi moja, maana yake ni ugomvi wa wakubwa, haisemi nani bora.

Bint Malenga

Nakubaliana nawe. Niongeze kitu kimoja ambacho huenda wengi hawakijui: ushindi tunawapa watoto wetu wa kike kila siku bila kufikiri. Faiza kwa Kiarabu ni mwenye kufuzu, mshindi. Fauzia linatoka mzizi huohuo. Kwa wavulana kuna Mansuri, ambalo lina umbo la mtendewa: ni yule aliyenusuriwa, aliyepewa msaada mpaka akashinda. Na kwa upande wa Wakristo kuna Victor, ambalo ni "mshindi" kwa Kilatini, na Nicholas, ambalo kwa Kigiriki limebeba ushindi pamoja na watu.

Mlinzi wa Msamiati

Mansuri umeniletea zawadi, dada. Ni mshindi aliyetendewa, na amesimama palepale kwa mteule.

Karani wa Zamani

Mimi nina jambo fupi. "Mshindi wa Tuzo ya Nobel." Wangari Maathai, 2004, tuzo ya amani. Alimshinda nani? Hakukuwa na mashindano. Jina hupendekezwa, kamati hukaa, hutangaza. Tunalo neno mtunukiwa, maofisini tunalitumia kwa wanaopewa nishani. Kwa nini vyombo vya habari havilitumii? Kumwita mtu wa amani mshindi naona kunaleta harufu ya pambano mahali pasipo pambano. Na Abdulrazak Gurnah mwaka 2021 kwa fasihi, hivyohivyo.

Mlinzi wa Msamiati

Mzee Karani, shikamoo. Mtunukiwa ni neno sahihi zaidi na nitaanza kulitumia. Sitampinga sana anayesema mshindi wa Nobel, maana waliopendekezwa ni wengi na mmoja kazidi, lakini ukweli ni kwamba tuzo ile inatolewa, haishindaniwi. Mtunukiwa linamtaja na anayetunuku, kama mteule.

Mguu wa Kushoto

Wakuu salaam. Naomba msaada kwenye watu wawili wanaonichanganya.

Wa kwanza ni Ben Johnson. Seoul, 24 Septemba 1988, mita 100, alitangulia kwa sekunde 9.79. Akakutwa na dawa, akanyang'anywa, dhahabu ikaenda kwa Carl Lewis. Johnson tumwiteje kwa ile siku?

Wa pili ni Eliud Kipchoge pale Vienna, tarehe 12 Oktoba 2019, kilomita 42.195 kwa saa 1:59:40. Hakukuwa na mpinzani, wale wengine wote walikuwa wa kumpigia hatua kwa zamu, na muda haukuingizwa kwenye rekodi rasmi. Alishinda nini?

Mlinzi wa Msamiati

Maswali mazuri sana. Johnson alitangulia kufika. Hilo lilitokea, watu waliliona, na lugha ina kitenzi chake, kutangulia. Mshindi hakuwa, kwa sababu kuzidi wenzako kwenye shindano kuna sharti la kuwazidi kwa kile mlichokubaliana. Andika "aliyetangulia", kisha eleza kilichofuata. Kwenye baiskeli kuna kisa kigumu zaidi: Lance Armstrong alifutiwa mashindano saba ya Tour de France, ya mwaka 1999 hadi 2005, na nafasi ya kwanza haikupewa mwingine yeyote. Washindi wa pili wamebaki washindi wa pili bila wa kwanza juu yao.

Kipchoge wa Vienna ni rahisi kwangu kuliko unavyodhani. Rudi kwenye maana ya kuzidi. Hakumshinda mtu, kwa hiyo usimwandike "mshindi wa mbio za Vienna", hazikuwa mbio za kushindana. Alizishinda saa mbili. Kiswahili kinaruhusu hilo bila kupinda hata kidogo, kama kinavyoruhusu kazi kumshinda mtu. Ubingwa wake uko kwingine, Rio 2016 na Olimpiki ya Tokyo, na huo ulikuwa na wapinzani. Ujagina ndio uliounganisha yote.

Kifaru wa Ulingo

Hapo kwenye saa mbili nimekuelewa kabisa mkuu. Lakini tumesahau kitu kimoja, mshindani. Wahenga walisema asiyekubali kushindwa si mshindani. Mbona humo kwenye uzi wako mshindani hayumo?

Mlinzi wa Msamiati

Ni kweli anastahili nafasi, na methali hiyo imempa sharti zito kuliko yote tuliyoyataja hapa. Mshindi anatakiwa kuzidi tu. Shujaa anatakiwa kuthubutu. Mshindani anatakiwa awe tayari kuwa mshinde kabla hajaanza, na akiwa mshinde akubali. Anayekimbilia kutangaza kura zimeibwa kabla hazijahesabiwa, anayetoka uwanjani dakika ya 70 kwa sababu ya penalti, hawa kwa methali ile hawajawa washindani bado, hata kama jina lao lilikuwa kwenye karatasi. Na ikitokea wakashinda, sijui wamemshinda nani, kwa kuwa wao wenyewe hawakuwahi kujiweka mahali pa kuzidiwa.

Mguu wa Kushoto

La mwisho mkuu, nisikuchoshe. Tokyo, 1 Agosti 2021, kuruka juu wanaume. Mutaz Barshim wa Qatar na Gianmarco Tamberi wa Italia waliruka mita 2.37 wote, wakashindwa 2.39 wote, wakaulizwa kama wataendelea kuruka mpaka apatikane mmoja. Wakaomba wagawane dhahabu, wakapewa. Nani alimshinda nani?

Mlinzi wa Msamiati

Kati yao hakuna. Andika "washindi" kwa wingi na uache hapo. "Waligawana ushindi" si sahihi, maana walichogawana ni nafasi ya kwanza, na kila mmoja aliwazidi wengine kwa ukamilifu wake.

Ila usimsahau Maksim Nedasekau wa Belarus. Naye aliruka mita 2.37, urefu uleule wa wenye dhahabu. Alikuwa ameangusha mti mara nyingi zaidi kwenye urefu wa chini, na kanuni ya kuhesabu makosa ikamweka nyuma. Kwa kuwa dhahabu zilitoka mbili, fedha haikutolewa, akapewa shaba. Kwa hiyo ukiandika matokeo ya siku ile, usiandike mshindi wa pili. Una washindi wawili, kisha mshindi wa tatu, na mabano ya urefu yanaonyesha 2.37 kwa wote.

Karani wa Zamani

Marahaba kijana, nimechelewa kukuitikia. Nitaomba uzi huu uwekwe juu usipotee, kuna wanafunzi watauhitaji. Na wewe Kifaru, ile hoja ya mikanda minne ifungulie uzi wake, tuijadili huko.